Moja Kanyaga, Mbili Achia

Kwako dada mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitako na miwani iko puani, maana ukiisoma umesimama utaanza kubishana nayo kabla hujageuza ukurasa. Magoti yanaendeleaje? Tafadhali usinijibu kwamba ni hivyo hivyo tu, nakujua, wewe hata ukiungua utasema ni joto la kawaida. Msalimie mzee wako, mwambie kikohozi si kitu cha kuzoea, aende akapimwe. Wasalimie wajukuu, hasa yule mdogo aliyerithi mdomo wangu. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri watu wa hali yetu wanavyoweza kuwa hawajambo. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri. Shemeji yako anakula, analala, nampindua ubavu huu na huu. Kile kidonda cha kisiginoni kimefunga.

Barua yako niliipata, na kuchelewa kujibu ni kosa langu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi, na haya ninayotaka kukwambia yana mwanzo, kati na mwisho. Ulinitaka mambo mawili. Kwanza, nimuuzie pikapu yule bwana uliyenitafutia, ambaye mimi namwita Miwani kwa kuwa sijabahatika kuyaona macho yake. Pili, nikubali kaka mkubwa wa mume wangu aje amchukue, akakae naye kwake kwenye mikono mingi, kisha mimi nifunge nyumba nije kuishi kwako. Uliandika kwamba mtu akishaondoka halindwi, na kwamba ninachokilinda mimi ni mwili tu. Nililia, dada, lakini sikukukasirikia. Nililia kwa sababu hata mimi nilikuwa nimefika hapo hapo, ila nilikuwa sijampata wa kulisema.

Ngoja nikueleze nyumba ilivyo sasa, maana tangu augue umekuja mara moja tu, na siku ile watu walijaa hadi uani. Watu wale wameisha. Unawakumbuka rafiki zake wa mchanga, wale wanaume wa kwenda jangwani na magari kila wakipata nafasi. Mwanzoni walikizunguka kitanda na kumsimulia nani kazama wapi na nani kavunja springi gani. Walipoona hajibu, wakaanza kusimuliana wao kwa wao juu ya kichwa chake. Baadaye wakawa wanasimama mlangoni bila kukaa. Sasa wanapita barabarani wakielekea mchangani, wanapiga honi, na hiyo honi ndiyo kuja kutuona. Nisiwalaumu sana. Ni vigumu kumtembelea mtu asiyekwambia karibu.

Daktari alisema kilichopasuka kichwani kimechukua mkono na mguu wa kulia, na kimechukua maneno. Si ya kusema tu, hata ya kusikia: sauti inamfikia, maana haimfikii. Yule mama wa mazoezi alikuja na kadi zake za picha, akamwambia aonyeshe kikombe, akaonyesha kiatu. Akaambiwa aonyeshe kiatu, akamtazama yule mama kwa upole kama mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua. Basi ndani ya nyumba ikawa nasema mimi, najijibu mimi. Nikifika chumbani asubuhi namuuliza kalalaje, halafu najisemea kalala vizuri. Nimefikia hatua ya kuzungumza na cherehani yangu ya kushonea viti vya magari. Cherehani angalau inajibu, hata kama jibu lake ni lile lile.

Na alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa ukigonga bomba la ubavuni mwa kitanda. Ngo, ngo, unatulia, ngo, unaanza tena. Mwanzoni nilikuwa naacha kazi nakimbia. Nikifika namuuliza kama ni maji, kama ni choo, kama ni mto umemteleza, naye anageuza uso ukutani. Nilimuuliza daktari, akasema yawezekana ni mkono tu unajiendea, huwa inatokea. Alisema yawezekana. Mimi niliyechoka nikalisikia neno hilo kama ndivyo, nikachukua kipande cha sponji kilichobaki kwenye kiti cha gari, nikalizungushia lile bomba na kulishonea kitambaa cheusi kwa mshono mzuri, unajua siwezi kushona ovyo. Nyumba ikawa kimya. Nikapata kufanya kazi zangu.

Sasa nije kwenye pikapu, maana ndiyo kesi yenyewe. Unaikumbuka vizuri kuliko unavyotaka. Ni ile iliyozimika njiani siku ya harusi yangu, ukashuka na viatu vyako vya kisigino kuja kuisukuma, na hadi leo hujaisamehe. Ni kuukuu kuliko ndoa yetu. Alipoipata ilikuwa bodi na mlango mmoja, na kuku walikuwa wakitagia ndani. Kila alichokiweka kilitoka kwenye gari jingine lililokufa: gia ya kuvuta magurudumu yote manne, springi za vyuma bapa alizozipanga mwenyewe hadi gari likasimama juu kama mtu aliyepandisha suruali avuke dimbwi, tangi la pili la mafuta nyuma ya kiti, na bomba la kuvutia hewa alilolipandisha usawa wa paa ili injini isinywe vumbi. Matairi mapana ndiyo yaliyokuwa ya mwisho. Taa za mbele hakukubali kuzibadilisha. Alisema zile za duara ndiyo sura yake, na mtu habadilishi sura kwa sababu anasafiri.

Na safari yenyewe ilikuwa moja. Ujanani alikuwa dereva wa lori la wachimba visima, akavuka matuta ya mchanga hadi upande wa pili, akaona uwanda mweupe uliolala bapa hadi jicho linachoka. Alinisimulia tukiwa wachumba. Akasema gari likiisha tutakwenda wawili, atanionyesha. Likiisha. Dada, gari la kuunda haliishi. Ukiziba huku linavuja kule, na ukipata kitasa unapoteza ufunguo. Mungu hakutujalia mtoto, watu wakawa wanasema ile pikapu ndiyo mtoto wetu, wengine kwa mzaha na wengine si kwa mzaha. Mimi sikuwahi kuchukia. Mtoto gani analala uani miaka yote hiyo bila kuomba chakula.

Kazi yangu mimi, zaidi ya kushona viti, ilikuwa kukaa ndani na kukanyaga. Yeye yuko chini ya gari, injini inanguruma, sauti haisikiki, kwa hiyo alikuwa akinena kwa spana. Anagonga chesi, ule uti wa mgongo wa gari. Moja ni kanyaga breki ushikilie, na barabarani maana yake simama. Mbili ni achia, na barabarani maana yake twende. Tatu ni njoo. Maneno yetu yalikuwa hayo matatu, na yalitutosha, maana mume wangu hata alipokuwa mzima hakuwa msemaji, kama unavyojua, ulikuwa ukiniuliza kama nimeolewa na mtu au na kabati. Basi akigonga tatu natoka, nazunguka, nainama. Mara nyingine anataka nimshikie taa. Mara nyingine nafika sioni kazi yoyote, ananionyesha mjusi kajificha kwenye rimu, au ananikatia nusu ya mkate wake hapo hapo chini, na mikono yake ya grisi. Nikawa nagomba kwamba ananiondoa kwenye cherehani kwa ajili ya mjusi. Anacheka tu.

Miwani alikuja, kama mlivyopanga. Ni mtu wa adabu, sikatai. Aliizunguka pikapu, akaipapasa bodi, akasema magari kama hayo hayaundwi tena. Lakini akasema haondoki na gari lisilo na breki. Ni kweli haikuwa nazo. Siku shemeji yako alipoanguka alikuwa amekwisha kufunga mabomba mapya ya breki, imebaki kutia mafuta na kutoa upepo tu, na gari liko juu ya matofali. Spana ilikuwa bado mkononi mwake nilipomkuta. Miwani akasema nikilimaliza nimpigie. Nami nikakubali, dada, nataka ujue hilo. Nilikubali kwa moyo mmoja. Niliimalizia ile pikapu ili niiuze, nimtoe mume wangu, nije kwako.

Muuza spea wa hapa kona aliahidi kuniletea fundi kesho, ila kesho yake ni ya kudumu. Nikaona nifanye mwenyewe. Mimi ni fundi wa viti, si wa injini, lakini mtu hawezi kulala na fundi miaka yote hiyo asijue nati inafunguka upande gani. Nilishona kiti kipya kwanza, kile kirefu cha watu watatu, kwa turubai la kahawia na uzi maradufu. Nilifunga betri. Nilisafisha kabureta, ikakohoa, ikapiga chafya, ikawaka. Niliposikia ule mngurumo nilikimbilia dirishani nione kama ameusikia. Alikuwa ametazama dari.

Ikabaki breki. Nikueleze kidogo, maana mambo yote yanaanzia hapo. Mafuta ya breki yakiwa na upepo ndani, pedali inazama kama unakanyaga mkate. Kuutoa upepo kunataka watu wawili: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwenzake chini analegeza nati ndogo kwenye gurudumu, upepo na mafuta vinatoka pamoja, anakaza, ndipo wa juu anaachia. Wa juu akiachia mapema, upepo unarudi na kazi imeharibika. Nilijaribu peke yangu kwa kuiegemezea pedali fimbo. Nikawa nakimbia kati ya usukani na gurudumu kama kuku anayetafuta pa kutaga, na upepo unarudi vilevile. Nilimpigia mmoja wa wale watu wa mchanga, akasema yuko safarini, na gari lake nilikuwa nimeliona asubuhi ile mbele ya duka la mikate. Nilikaa juu ya tofali nikahesabu ni nani katika mji huu mzima anayeweza kuja kunikanyagia pedali. Sikumpata. Hapo ndipo nilipojua jinsi nilivyo peke yangu, dada. Si kitandani, wala si mezani. Ni pale kwenye pedali.

Basi nikamfikiria yeye. Mguu wake wa kushoto ni mzima, na yule mama wa mazoezi alikuwa akiniambia nimpe kitu cha kusukuma apate nguvu. Breki hukanyagwa kwa mguu wa kulia, lakini gari lililo juu ya matofali halijali. Nilimvalisha ule mkanda wa kumbebea nilioushona kwa mikanda ya viti vya magari, unapita kiunoni na chini ya mapaja, nikamsukuma uani kwa kiti chake cha magurudumu. Sasa naomba usipige kelele. Mlango wa pikapu uko juu, siwezi kumfikisha, kwa hiyo nilimnyanyua kwa mnyororo ule ule aliokuwa akinyanyulia injini. Alipoelea hewani, nusu ya mdomo wake iliyo hai ilipanda juu. Nilijiambia ni maumivu. Nikamketisha kwenye kiti kipya, nikamfunga mkanda, nikamwekea mguu juu ya pedali, nikaingia chini.

Nikamwambia akanyage. Kimya. Nikasema tena kwa sauti, nikasema kwa upole, nikambembeleza kwa majina ambayo sitayaandika hapa. Mguu haukutikisika. Nikatoka, nikamwonyesha kwa mkono wangu, nikarudi chini, hakuna kitu. Nikalala pale chali, mchanga mgongoni, nikaona kweli dada yangu yuko sahihi, nyumba hii ina mtu mmoja. Na kwa hasira, si kwa akili, nikaipiga chesi spana. Mara moja.

Pedali ikashuka. Nati nilikuwa nimekwisha kuilegeza, mafuta yakanirukia usoni na kwenye jicho, yanachoma, na mimi sijui nilie au nikaze. Nilikaza. Nikangoja. Pedali imeshikiliwa, haipandi. Nikagonga mbili. Ikapanda taratibu, kama ulivyokuwa mguu wangu mimi alipokuwa akinifundisha na kunikataza kuachia kwa pupa. Nikagonga moja. Ikashuka.

Tulifanya kazi, dada. Tulianza gurudumu la mbali kama anavyotaka yeye, tukamaliza la karibu. Hakukosea hata mara moja. Mimi ndiye niliyekosea, kwenye gurudumu la tatu nikagonga mbili kabla ya kukaza, naye hakuachia. Alingoja hadi nikagundua mwenyewe. Maneno yetu ya midomo yalikuwa yamechukuliwa yote, haya ya spana hakuna aliyejua yako wapi ayachukue.

Nikiwa nakusanya vyombo nikasikia mlango wa pikapu unagongwa kutoka ndani. Tatu. Nikazunguka nikamfungulia, nikaanza zangu: maji, choo, mguu umekufa ganzi? Akageuza uso, kama anavyougeuza kitandani. Lakini safari hii hakukuwa na ukuta. Aligeukia kiti, ile nafasi ya pembeni yake. Nikapanda nikakaa. Akafumba macho, akashusha pumzi, akatulia. Baada ya muda nikakumbuka kopo la mafuta liko wazi, nikanyanyuka. Akagonga tatu. Nikakaa tena. Dada, alikuwa haniiti nimletee kitu. Alikuwa ananiita nije tu.

Tulikaa hadi jua likahama upande wa pili wa ua. 

Baada ya hapo nilipaswa kumpigia Miwani. Sikumpigia. Niliishusha pikapu kutoka kwenye matofali, nikamwambia muuza spea tunaelekea wapi, maana mtu haendi mchangani bila kuaga, na asubuhi nikamnyanyua tena mzee wangu kwa mnyororo. Si mbali, unajua lami inaishia karibu na kwetu. Lami ilipoisha nilipunguza upepo wa matairi hadi yakatandaza matumbo, ndivyo yanavyoelea juu ya mchanga. Nilikuwa naogopa hata mikono inateleza kwenye usukani. Kwenye tuta la kwanza nikazama. Na mimi, kwa woga, nikakandamiza mafuta, magurudumu yanazunguka na kuchimba, nikisahau la kwanza alilonifundisha, kwamba ukizama usikanyage mafuta, unajichimbia kaburi. Akagonga mlango. Moja. Sikujali. Akagonga tena moja, kwa nguvu, hadi kioo kikatetemeka. Nikasimama.

Nilishuka na koleo, nikachimba mbele ya matairi, nikapunguza upepo zaidi, nikatandika mbao mbili. Nimetota jasho na nguo imejaa mchanga kama unga. Nikapanda, nikaingiza gia, nikamtazama. Alikuwa ametoa kichwa dirishani, anakagua ile kazi, na nikamwona fundi, dada, si mgonjwa. Alikagua akachelewa kwa makusudi, kama zamani. Kisha akagonga mbili, tukatoka.

Hatukufika kwenye uwanda wake mweupe. Tulifika juu ya tuta la kwanza tu, nikazima injini. Mbele ni mchanga na mchanga mwingine. Nilitegemea sijui nini, labda alie, au aseme jina langu. Hakusema. Nisikudanganye ukadhani ni muujiza. Hatasema tena, daktari amekwisha kuniambia, na mimi nimekwisha kukubali. Nyumbani bado najiuliza na kujijibu. Upweke upo pale pale, unakaa mezani nasi na kula nasi. Kuna jioni natamani mtu anigombeze kwa maneno hata ya matusi, mradi ni maneno. Ila nilikuwa nikidhani mpweke humu ni mmoja. Kumbe tulikuwa wawili, kila mtu upande wake wa ukuta, na wa upande ule alikuwa hanyamazi.

Hapa ndipo nilipokuwa napazunguka tangu mwanzo wa barua, na sasa sina njia nyingine ya kupita. Tuliporudi ndani siku ile ya breki nilimlaza, nikakiona kile kitambaa cheusi nilichokishona kwenye bomba la kitanda. Nikachukua kisu changu cha uzi, nikakifumua. Unajua nimefumua viti vingi maishani mwangu. Nikiitazama sponji najua mwenye gari ni mnene au mwembamba, anaegemea upande gani, anaendesha sana au kidogo. Sponji haisemi uongo. Ndani ya ile niliyomfungia mume wangu nilikuta shimo, dogo, limechimbika hadi chuma kinaonekana, pale pale vidole vyake vinapofika. Mkono unaojiendea haupigi mahali pamoja, dada. Zile mbili, kutulia, na moja, zilikuwa tatu iliyokatika katikati; alikuwa hajaacha kuniita hata siku moja. Mimi ndiye niliyemziba mdomo, tena kwa mshono mzuri. Nilimwekea mkono wake juu ya shimo lile, nikaweka na wangu juu yake, nikamwomba radhi kwa maneno asiyoyasikia. Halafu nikakumbuka, nikaligonga bomba tatu, na nikakaa.

Kwa hiyo majibu yangu ni haya. Pikapu haiuzwi. Miwani nimempigia nimemwambia, akauliza kama anaweza kuja siku moja kuitazama tu, nikasema aje. Na mume wangu haendi popote. Kaka yake nimemwandikia kwamba kule kwake mikono ni mingi kweli, lakini hakuna hata mmoja unaojua kugonga. Kama anampenda mdogo wake aje hapa akae nasi siku kadhaa, nitamfundisha. Nawe nakuomba usinikasirikie. Najua ulikuwa umekwisha kunitandikia kitanda, na najua ulinitafutia mnunuzi kwa huruma, si kwa kunichoka. Nilikihitaji kile kitanda. Bado nakihitaji, kuna siku. Lakini siwezi kuja kulala kwako na huku kuna mtu ananigongea.

Njoo wewe. Kiti ni kirefu, nimekishona mwenyewe, kinatosha watatu, na safari hii hatutakushusha usukume. Lete viatu bapa. Maneno ni matatu tu, hata wewe utayaweza, ingawa itabidi unyamaze uyasikie.

Mzee wako na kikohozi chake salamu zake ziwe mbele. Wajukuu unibusie mashavuni. Jirani yako aliyeniazima mwavuli siku ile ya mvua mwambie bado ninao, sijausahau wala sijauvunja. Nawe dada, uitunze hiyo miguu, naihitaji ifike hapa.

Nilikuwa na mengine ya kukwambia, ila naishia hapa. Amegonga tatu.

Mdogo wako,
Sindano